Siku Niliyoshusha Sauti

Sauti yangu sikupewa na Mungu. Watu wanasemaka: muzee, Mungu alikujalia. Nakataa. Mungu alinipa sauti ya kawaida, sawa ya kila mutu, ya kuombea chumvi kwa jirani. Ile ingine nilijitengenezea mwenyewe kule Komanda, pale barabara ya Bunia inakutana na ile ya Beni na ile ya Mambasa.

Nilikuwa komisionere. Kwa yule asiyejua, komisionere ni mutu anayeitia gari abiria. Gari imesimama, injini inanguruma, mama wa mihogo anagombana na mupakizi, mvua inapiga mabati, na weye unapaswa kumufanya mutu aliye ndani ya hoteli, mwenye bugali mudomoni, asikie kwamba kuna nafasi ya kwenda Beni. Tulikuwa wengi kwa kazi hiyo. Wengine walikuwa na filimbi. Mumoja alikuwa anapiga sahani na kijiko. Mimi nilikuwa na koo. Nilikuwa napanda juu ya gurudumu, nafungua kinywa: "Beni, Beni, Beni! Nafasi moja tu! Moja tu, tunakwenda!" Hata gari ikiwa tupu, nafasi ilikuwa moja. Huo haukuwa uongo, huko kulikuwa kukaza neno.

Shule niliacha nikiwa mudogo, darasa la tatu. Walionicheka siku ile, leo wananunua misumari kwangu. Kutoka kwa koo nilitoa sehemu ya gari, kutoka kwa sehemu nikatoa gari zima, kutoka kwa gari nikatoa duka la simenti, mabati na misumari hapa Mudzipela, tena lenye mulango wa chuma. Kuna watu walisoma mpaka miwani ikawachimba pua, na mulango wao ni wa mbao. Nasema tu.

Ubaya wa sauti kama hiyo ni kwamba ukishaijenga haina mahali pa kuizimia. Nikimupigia simu ndugu yangu wa Aveba, mwenye mashamba, yeye anaiweka simu juu ya kinu, anarudi kupalilia, na mazungumuzo yanaendelea vizuri. Muke wangu anasema napoteza unite za simu bure, nifungue dirisha tu. Kanisani, padri aliniita pembeni kisha misa, akanishika mukono na kuniambia: "Muzee, ile Amina yako ni nzuri. Mungu ameisikia. Sasa uwaachie wengine nao wajaribu." Na neno "kabisa"! Watu wengine wanalisema sawa vile kuweka nukta mwisho wa barua. Mimi nikisema "kabisa", mbwa za jirani zinasimama.

Sikuwahi kuona haya juu ya hilo. Ila kulikuwa na habari ya kiatu.

Binti yangu mukubwa alipochumbiwa mara ya kwanza, kijana alikuja na mujomba wake, mutu mwembamba wa kofia. Mimi kwa furaha nikasimama mulangoni, nikafungua mikono, nikasema: "KARIBUNI! KAENI!" Kijana alikaa. Mujomba alikimbia. Alikimbia mpaka barabarani, akapanda moto, pikipiki ya mutu asiyemujua, na kiatu kimoja kikabaki katika matope mbele ya nyumba. Kesho yake kijana alileta habari kwamba mujomba amekataa kurudi nyumba anakofukuzwa. Nani alimufukuza? Nilikuwa nimemuonyesha kiti! Binti yangu aliolewa baadaye na mutu mwingine, mwenye sikio zito, na wanaishi muzuri sana. Lakini kile kiatu muke wangu alikihifadhi. Kilikaa juu ya kabati, na kila mara tukikosana alikitazama.

Basi ikafika zamu ya mutoto wetu wa mwisho.

Huyu alipata kijana mwenye kazi ya kutafsiri. Wageni wa mashirika wanasema Kingereza, yeye anageuza Kiswahili; watu wanalalamika kwa Kiswahili, yeye anageuza Kingereza, pengine anapunguza malalamiko kidogo njiani. Kingereza hicho alikisomea ngambo ya ziwa, Uganda. Watu wake ni wa upande wa Mahagi, wavuvi wa pembeni ya ziwa, Wakatoliki sawa siye. Mutoto wangu alimupenda mpaka akaanza kupiga pasi hata mataulo. Nikaelewa kwamba hii si muchezo. Mama yake naye akaelewa, akapanda juu ya kiti, akapangusa vumbi kwa kile kiatu, akakirudisha.

Siku moja tuko tunakula, mutoto anacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Hakuna, Papa. Ni yeye. Amesema weye uko vosiferasi."

Bugali ikasimama katikati ya sahani na mudomo.

"Niko NINI?"

"Vosiferasi. Ni Kingereza."

"Maana yake?"

"Sikumuuliza. Lakini alilisema na uso muzuri."

"Uso muzuri! Hata nyoka iko na uso muzuri!"

"Muzee," muke wangu akasema, "jirani wako kwa maombi. Wacha Mungu asikie na wao."

Ningemuuliza kijana mwenyewe, yaishe. Lakini hapana. Kwetu mwenye kuchumbia hasemi na baba wa musichana mpaka siku amekubaliwa. Akiniona barabarani anavuka upande mwingine. Nikiingia dukani akiwamo, anatoka na kuacha hata alichokuwa ananunua. Hiyo ni heshima. Kijana huyo alikuwa na heshima nyingi sana. Mara moja aliingia ndani ya mufereji kwa ajili yangu. Kwa hiyo neno lake lilikuwa kwangu, naye hakuwapo wa kulifungua.

Nikamuuliza mwalimu wa shule iliyo nyuma ya duka, mutu wa Kifaransa safi. Alishika kidevu, akafunga macho.

"Kingereza sikijui, muzee. Lakini kwa Kifaransa kuna ndugu yake. Sisi tunasema vosifere."

"Na huyo ndugu anafanya kazi gani?"

"Ni kupiga kelele kwa hasira. Sawa vile mulevi anadai chenji yake."

Nikamuuzia misumari bila kumuaga. Mchana nikasimamisha motari mumoja, dereva wa moto, aliyeishi Kampala miaka mingi akiosha magari. Huyo alicheka mpaka akazima moto yake.

"Hapana, patro! Hapana mulevi. Kule wanasemaka hivyo juu ya mutu wa mukutano. Watu wote wako nasema hatutaki, hatutaki. Lakini iko mumoja anasimama, anapiga meza, anasema HA-TU-TA-KI, mpaka karani anaangusha kalamu. Huyo njo vosiferasi."

"Kwa hiyo ni sifa?"

Akafikiri. "Si tusi. Lakini si mutu wa kumuamsha asubuhi."

Nilirudi dukani, nikakaa juu ya mufuko wa simenti, nikalipima neno. Sauti kubwa: sawa, nakubali, ni yangu, niliinunua kwa mvua ya Komanda. Kukaza maneno: nakubali tena, bila hiyo ningekuwa bado juu ya gurudumu. Lakini hasira, hapo nilikataa. Mimi nikikasirika nanyamaza. Mutu yeyote wa Mudzipela anajua. Nikipiga kelele, niko muzima, nimekula, biashara inakwenda. Nikinyamaza, fungeni madirisha. Mara ya mwisho nilinyamaza nyumbani, muke wangu alichinja kuku bila kuulizwa.

Lakini wale wakwe kutoka ziwani wangejuaje? Baba wa kijana, mutoto alituambia, ni mutu wa sauti ndogo kabisa. Amevua samaki maisha yake yote, na mwenye kupiga kelele juu ya mutumbwi anarudi na maji. Ninyi fikirini: huyo aingie kwangu, nimuonyeshe kiti!

Dada yangu mukubwa akafika kutoka Aveba kusaidia kupika. Muke wangu alikuwa ameshamueleza yote kwa simu. Waliniketisha.

"Mudogo wangu," dada akasema, "siku ile utasema kwa sauti ndogo."

"Yaya," nikasema, maana kwetu mukubwa wako, dada ao kaka, ni yaya, "ndogo namna gani?"

"Sawa vile uko naongea na mutoto mwenye kulala."

"Mimi nikiwapo watoto hawalalaki."

"Njo unaona shida," muke wangu akasema.

Dada akanyoosha kidole juu, kwenye kabati. "Kile kiatu unakiona? Unataka ya pili, ufungue duka la viatu pembeni ya simenti? Mutoto analia kule chumbani. Anasema Papa atamufukuza baba mukwe, na yule kijana njo mwanaume wake, hataki mwingine. Sasa chagua: koo yako ao mutoto yako."

Nilimupenda mutoto kuliko koo. Nikasema sawa. Walisema: umeona, hata hiyo "sawa" imeamusha kuku.

Nikaanza kujifunza dukani. Hapo niliona mambo. Mutu wa kwanza aliuliza bei ya simenti. Nikainama, nikamutajia polepole, midomo karibu na sikio. Alirudi nyuma, akatazama kushoto na kulia, akanong'ona naye: "Patro, ni ile bei ya siri?" Bei ya siri gani? Ilikuwa bei ileile ya juzi, iliyoandikwa na chaki mulangoni! Lakini alitoka mbio, na kabla ya saa kuisha duka lilijaa watu wanaonong'ona. Wote wanataka ile ya siri. Niliuza simenti yote siku ile, kwa bei ya kawaida kabisa, na kila mutu alitoka akifurahi kwamba ameiba.

Kesho yake ikaenea habari nyingine: muzee wa misumari anakufa. Katekista alikuja na kitabu cha wagonjwa. Mama wa mihogo wa pale sokoni, tuliyegombana naye tangu zamani juu ya kivuli cha mulango wangu, alileta ndizi na kuniomba musamaha. Nikamusamehe kwa sauti ndogo, akalia. Ndizi zilikuwa nzuri. Nilianza kufikiri kwamba hii sauti ndogo nayo ina mapato yake.

Nikawa hodari. Siku yenyewe ilipofika, muke wangu alinisikiliza nikisema "karibuni" jikoni, akasema: "Muzuri. Baki hapohapo, usipande."

Wakwe walifika na moto kutoka hoteli walikolala, mistari mizuri, wanaume wamevaa makoti, wanawake vitenge vya rangi moja. Walileta kikapu cha samaki ya kukausha, na mbuzi. Sasa hapa sikilizeni habari ya mbuzi. Wakwe wakifika, mbuzi inafungwa kwenye muti wa uzio, mbele ya nyumba, watu wote waione. Wasemaji wa pande mbili wanaongea mambo yote ndani, wanaongea mpaka mate yakauke. Lakini neno la mwisho linatoka kwa kinywa cha baba wa musichana mwenyewe. Baba akisema ndiyo, ndugu za musichana wanatoka, wanafungua mbuzi, wanaipeleka jikoni, na wanawake wote nje wanapiga vigelegele. Baba akikataa, wale walioileta wanaifungua wenyewe, wanarudi nayo. Hakuna matusi, hakuna makofi. Mbuzi ikienda kulia, jikoni, ni ndoa; ikienda kushoto, barabarani, ni kwaheri.

Kijana hakuingia. Alibaki barabarani na rafiki zake karibu na moto, sawa vile desturi. Mutoto wangu alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na shangazi yake. Wanawake walikuwa uwanjani, midomo tayari.

Nikasimama mulangoni, nikasema "karibuni" yangu ile ya jikoni. Baba wa kijana alikuwa mutu mufupi mwenye macho ya kuzoea jua. Alipoisikia, alinitazama sana, sawa mutu aliyeambiwa kuna mulima akakuta shimo. Akakaa. Hakukimbia! Nikatazama muke wangu kupitia mulango wa jikoni: unaona?

Wasemaji walisema. Wa kwao alifananisha mutoto wangu na ua. Wa kwetu, ndugu yangu mudogo, akauliza ua hilo limeonwa wapi. Wakacheka kidogo, wakagombana kidogo, wakapatana. Nilikaa na mikono juu ya magoti. Jasho lilikuwa linanitoka mugongoni, maana kunyamaza ni kazi nzito kuliko kupakiza simenti.

Kisha ndugu yangu akanigeukia. "Yaya, wamemaliza. Wanangoja neno lako."

Nikainama mbele. Nikakumbuka mutoto mwenye kulala. Nikasema, laini, sawa mafuta ndani ya pamba:

"Ndiyo. Nimekubali."

Ndugu yangu alisikia, kwa maana bega lake lilikuwa karibu na kinywa changu. Nilifikiri wote wamesikia. Baba wa kijana alinitazama tena. Akamutazama musemaji wake. Musemaji akatazama sakafu. Kisha baba wa kijana akasema kwa sauti yake ile ya mutumbwi:

"Tumesikia, muzee. Mungu abariki nyumba hii."

Akavaa kofia yake.

Ee, nikajisemea, hawa watu wana adabu! Kwao hawarukiruki. Nikasimama, nikamushika mukono kwa mikono miwili, nikanong'ona: "Asante. Asante sana." Naye akanishika, macho yake yakawa na maji, nikafikiri ni furaha. Wakatoka mumoja mumoja, wakiinama kwa kila mutu. Ndugu yangu akaniambia: "Watu wa ziwa, yaya. Safi kabisa." Tukabaki ndani tukipongezana polepole.

Uwanjani hakuna aliyepiga kigelegele. Hilo lilinigusa kidogo. Nikajisemea pengine wanawake nao dada amewaambia washushe sauti.

Muke wangu akaingia kutoka jikoni na kisu mukononi.

"Muzee, mbuzi inakwenda wapi?"

"Inakuja kwako."

"Kwangu wapi? Imepita kushoto! Na samaki wamechukua! Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ndiyo!"

"Uliwaambia namna gani?"

Nikamuonyesha. Muke wangu aliniwekea sikio karibu na mudomo, akasema: "Rudia." Nikarudia. Akafumba macho. "Hiyo," akasema, "hata mimi niliyeolewa nayo sijasikia kitu."

Pazia likafunguka. Mutoto wangu alitoka na nguo yake mupya ya manjano, nusu ya nywele imesukwa, nusu bado. Hakulia. Afazali angelia. Alisimama tu katikati ya nyumba na kuniuliza: "Papa, umenikatalia?"

Nilitoka nje. Sijui nilitokaje, maana kiti kilikuja nami mpaka mulangoni. Barabarani moto zote zilikuwa zimeshawashwa. Wanawake wa vitenge walikuwa wamepanda. Mbuzi ilikuwa juu ya mapaja ya kijana mumoja, inatazama nyuma. Na yule mukwe wangu mwenyewe, mutafsiri wa Kingereza, alikuwa amekaa nyuma ya motari sawa mufuko uliomwagika nusu, ameficha uso. Moto ya mbele ikaanza kutembea. Vumbi likapanda. Ndugu yangu alikuwa anakimbia na kupunga mukono, akisema "samahanini, samahanini", na hakuna aliyemusikia, ana sauti ya kisomi.

Nikamugeukia muke wangu. Muniamini, nilikuwa bado nanong'ona: "Nifanye nini?"

Muke wangu alinitupia kitambaa cha jikoni kwenye uso.

"Fanya ile ya Kingereza, muzee! Vosiferasi! VOSIFERASI!"

Kulikuwa na mufuko wa muchanga pembeni ya mulango, wa kujengea. Nikaupanda. Mguu wangu wa kushoto ukajitafutia mahali sawa vile ilikuwa juu ya gurudumu. Nikavuta hewa ya Mudzipela, yote iliyokuwapo.

"NIMEKUBALIIII! MUTOTO NI WENU! NI WENU KABISA! KABISA-KABISA! RUDISHENI MBUZIIII!"

Na kwa sababu koo ina akili yake, na ilikuwa imefungwa siku nyingi, haikuweza kusimama pale. Iliendelea peke yake:

"BENI, BENI, BENI! NAFASI MOJA TU! MOJA TU, TUNAKWENDA!"

Motari wa mbele alishika breki mpaka wa nyuma akamugonga. Mbuzi iliruka kutoka kwa mapaja, ikaja mbio moja kwa moja kwetu, ikapita upande wa kulia, ikaingia jikoni bila kufungwa wala kufunguliwa na mutu. Ndugu za mutoto walibishana baadaye kama hiyo ni sheria. Dada yangu akasema mbuzi imesikia neno la baba, inatosha. Wanawake wa uwanjani walipiga vigelegele. Wa ngambo ya barabara walipiga. Wa kule chini kwenye kisima walipiga, hao hawakuwa hata na habari ya ndoa. Mama wa mihogo alitokea sokoni akikimbia, akipiga kelele: "Muzee amefufuka! Ndizi zangu!" Na mutu mumoja mwenye begi, simujui, alisimama mbele yangu na kuuliza gari ya Beni iko wapi.

Wakwe walirudi. Baba wa kijana aliteremuka, akanikaribia, akaweka mukono juu ya kifua.

"Sasa," akasema, na nilipaswa kuinama ili nimusikie, "sasa tumesikia."

Wakaingia tena, wakakaa kwenye viti vyao. Na kwa sababu neno lilikuwa limetoka, kijana naye aliruhusiwa kuingia na kusema nami. Alipiga magoti. Mutu mwingine angeanza na shukrani. Mimi sikumupa nafasi.

"Mukwe wangu, karibu. Ile neno. VOSIFERASI. Maana yake nini?"

Baba yake alishika kiti kwa mikono miwili, lakini hakukimbia. Kijana akajibu:

"Papa, ni mutu anayesema kwa sauti kubwa na kwa kukaza. Neno lake linakaa mbele ya watu mpaka walijibu. Linaweza kuwa la ubaya, linaweza kuwa la uzuri, ni vile mutu analitumia."

"Na weye ulilitumia namna gani?"

"Muzuri, Papa. Nilimuambia hata baba yangu, ili asiogope. Nilimuambia: baba, kule utakuta muzee wa sauti. Akipiga kelele, tulia, njo amekupenda. Lakini akinyamaza..."

"Maliza."

"Nilimuambia, akinyamaza ao akisema polepole, tuombe ruhusa, twende."

Baba yake akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Niliposikia ile karibuni yako," akasema, "nilijua ndoa imekufa. Nilikaa kwa adabu tu."

Nyumba nzima ilinitazama. Mimi nilimutazama dada yangu. Dada yangu alitazama sufuria. Muke wangu akapanda kiti, akatoa kile kiatu juu ya kabati, akaenda nacho nje, na sijakiona tena. Nyuma ya pazia mutoto wangu alicheka, kicheko kikubwa, cha kwangu, na mbwa zikasimama.

Mbuzi iliiva. Tulikula nje, uwanjani, wakwe upande huu, siye upande ule, mimi na baba wa kijana katikati juu ya benchi moja. Nikaona ameonja supu, ameweka kijiko chini, anafungua mudomo na kuufunga. Wasichana wa kugawa chakula wanapita mbele yake, hawamuoni. Akasema kitu. Wakapita. Akasema tena. Hata kuku haikugeuka.

Mwishowe alinivuta shati, akaniwekea mudomo sikioni.

"Mukwe," akanong'ona, "unisaidie. Supu haina chumvi."

Nikaweka sahani yangu chini. Nikapangusa midomo.

"CHUMVI!"

Chumvi ikatoka jikoni kwetu. Ikatoka nyumba ya jirani wa kushoto, ndani ya kikombe. Ikatoka kwa mwalimu wa Kifaransa, aliyekuja nayo mwenyewe, katika karatasi. Na nyuma kabisa, akitembea mbio na pakiti ambayo haijafunguliwa, akatoka mama mumoja wa ngambo ya kisima ambaye mpaka leo sijamujua. Baba mukwe alitia chumvi, akaonja, akatia tena, na akanipigapiga goti.